Poka ya karata tatu: soma kabla hujaliwa

Jamani, kodi ya chumba niliiacha kasino usiku mmoja! Kisa? Kila nikipewa karata naongeza dau, naona aibu kukimbia. Wewe msomaji usinyolewe kama mimi.

Mchezo uko hivi. Unaweka dau, unapewa karata 3, mgawaji naye anajipa 3. Zako zikiwa mbovu unatupa, dau linakwenda. Ukizipenda, unaongeza dau jingine sawa na lile. Mgawaji lazima awe na malkia au zaidi. Asipofika hapo, unalipwa dau la kwanza, la pili linarudi. Akifika ukamshinda, unalipwa yote mawili. Akikushinda, anakomba yote.

Siri ni moja: mpaka ni malkia, 6 na 4. Ukiwa nazo au bora zaidi, ingia. Malkia na 7, ingia. Malkia na 5, tupa bila aibu.

Lakini usijidanganye. Hata ukicheza kwa akili hivyo, kasino inabaki na wastani wa shilingi 34 hivi katika kila 1,000 ya dau la kwanza. Ndiyo maana siku hizi naingia na hela ya soda tu. Ya kodi inalala kwa mama mwenye nyumba.