Mtama Hujuaje Siku ya Kuchanua?

Ndugu mkulima, wewe na jirani mmepanda mtama siku moja, udongo ni ule ule. Wake umetoa masuke, wako bado majani. Mvua ikikatika sasa, utavuna nini?

Hujarogwa. Sababu ni mbegu. Majani ya mtama hupima urefu wa usiku. Lakini chembe za urithi zilizomo ndani ya mbegu ndizo huamua: uchanue mapema au uchelewe. Mwaka 1945 wataalamu wa Marekani walieleza chembe tatu za namna hiyo katika mtama.

Basi, chagua mbegu shambani. Ghalani huwezi kujua suke lipi lilitangulia. Yanayochanua mapema yafunge uzi. Yakikomaa, yaliyojaa vizuri weka mbegu. Mtama nao hurithi wazazi wake.