Sanduku Linapoanza Kusogea

Sanduku la mbao la kilo 50 lililotulia sakafuni halikosi kani. Uzito wake, takriban nyutoni 490, unalivuta chini. Sakafu nayo inalisukuma juu kwa kiasi hichohicho. Kani hizo zinabatilishana, na kwa kanuni ya kwanza ya mwendo aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687, sanduku litabaki lilivyo mpaka mlingano huo uvunjike.

Likisukumwa kwa upande kwa nyutoni 100, bado halisogei. Wengi husema ni kwa sababu ni zito, jibu ambalo ni nusu tu ya ukweli: juu ya sakafu isiyo na msuguano kabisa, hata kidole kingelisogeza, ingawa polepole. Kinacholizuia ni msuguano tuli, kani isiyo na kiasi chake maalumu. Msukumo ukiwa nyutoni 100, msuguano nao ni 100. Ukifika 200, nao hupanda hadi 200. Mkono ukiondolewa, hutoweka. Una kikomo, hata hivyo. Kwa mbao kavu juu ya mbao, kikomo hicho mara nyingi ni kati ya robo na nusu ya kani inayokandamiza nyuso hizo mbili. Kikiwa nusu, sanduku huachia kwenye nyutoni 245.

Likishaachia, msuguano hupungua. Ukishuka, tuseme, hadi nyutoni 147, msukumo uleule huwa na ziada ya nyutoni 98, na sanduku huchapuka kwa karibu mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Ndiyo maana msukumaji huyumba mbele ghafla.

Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kwamba msuguano haufuati ukubwa wa eneo linalogusana, dai lililowashangaza wengi. Ufafanuzi ulikuja katika karne ya 20 kwa kazi ya watafiti Bowden na Tabor huko Cambridge: nyuso zinazoonekana laini zina vinundu vidogo mno, na ni ncha zake tu zinazogusana kweli. Uzito ukiongezeka, ncha hubonyea na mguso halisi hupanuka. Ncha hizo huendelea kubonyea kadiri muda unavyopita, kwa hiyo kitu kilichokaa muda mrefu huwa kigumu zaidi kung'oa, jambo ambalo mwanafizikia Coulomb alikuwa amelipima tangu karne ya 18.

Wala ncha hizo zilizogusana haziachii zote kwa pamoja. Majaribio ya mwanafizikia Jay Fineberg na wenzake mjini Jerusalem, yaliyotolewa mwaka 2004, yalionyesha kuwa mpasuko huanzia sehemu moja ukasambaa. Kitu huteleza baada ya mpasuko kuvuka eneo lote la mguso.

Si kila kitu huanza kwa kuteleza. Sanduku lilelile, likiwa na upana wa sentimita 60 na uzito ulioenea sawasawa, na kikomo cha msuguano kikiwa bado nusu, likisukumwa juu ya sentimita 60 kutoka sakafuni hupinduka kwanza. Chini ya hapo huteleza.