Je, wajua? Sime huizika ala yake

Mmaasai unayepishana naye Kisongo au Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, huenda simu yake ni ya juzi tu, lakini sime iliyo kiunoni ni ya siku nyingi. Kimaasai huitwa olalem. Bapa lake hupanuka karibu na ncha, kwa hiyo uzito huwa mbele na pigo jepesi latosha kuangusha tawi. Wahunzi huifua hata kwa springi kuukuu za magari. Chuma kilichozoea kupinda na kurudi hakivunjiki ovyo. Kinachochoka mapema ni ala, mbao iliyovikwa ngozi nyekundu: jua huikausha, mvua huilegeza. Bapa lenyewe huliwa taratibu na jiwe la kunolea. Sime ya mzee utaitambua: nyembamba, fupi, na bado inachuna mbuzi.