Siku Moja Bukama, Bandari ya Lualaba

Mtu aweza kupita mlangoni pa jirani miaka mingi asijue mna nini ndani. Ndivyo tulivyokuwa sisi watu wa Lubudi kwa habari ya Bukama. Basi siku moja ya likizo tuliondoka alfajiri pamoja na watoto wa shule, na mzee mmoja wa mtaa wetu aliyetuomba nafasi, akisema: "Mwalimu, nataka nione mahali baba yangu aliposhuka."

Bukama umekaa kando ya mto Lualaba. Kabla ya kufika hapo mto hupita katika magenge na maporomoko ya Nzilo, chombo hakiwezi kupita. Bali kutoka Bukama maji yametulia, na njia ya majini yafika Kongolo, mwendo wa kilometa zipatazo 640. Kwa sababu hiyo reli ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ililetwa hapa mwaka 1918. Abiria aliacha gari moshi akapanda merikebu; akifika Kabalo aliweza kushika reli nyingine, iliyofika ziwa Tanganyika tangu 1915. Lakini mwaka 1928 reli ya Bukama ilifikishwa hata Ilebo, na mizigo mingi ikafuata njia hiyo mpya.

Watoto walitazama mitumbwi na matenga ya samaki wakavu. Kijana mmoja akanung'unika: "Kumbe ni mto tu!"

Mzee akamgeukia. "Mjukuu wangu, baba alishuka hapa angali kijana, akipelekwa kazi ya migodi. Alituahidi kutupeleka kwao, akafa kabla. Jina la kijiji chake sikumwuliza, na leo sina wa kumwuliza."

Tulinyamaza sote. Yule kijana akavua kofia, akamshika mzee mkono, wakateremka polepole mpaka majini, mzee akanawa uso.

Njiani jioni watoto walianza kuulizana majina ya vijiji vya babu zao. Wakatuuliza na sisi. Tukaona haya: wafalme wa Ubelgiji twawataja kwa mfuatano bila kukosea, lakini kijiji cha babu mzaa mama hatukukijua. Kesho yake tulikwenda kwa mama, tukauliza, tukaandika.

Enyi akina baba na mama, wapelekeni watoto waone njia walizopita wazee wao. Nanyi msingoje kuulizwa: waambieni wangali karibu nanyi.