Kifafa na Kifo cha Usiku

Asubuhi moja mama wa Katuba alikuja kwetu akilia. Kijana wake mwenye kifafa alilala jana yake akiwa mzima. Kulipokucha walimkuta amelala kifudifudi, amekufa. Usiku ndugu yake alisikia akitikisika, akakimbilia nje kwa kuogopa povu. Na sasa jamaa walikuwa wamekwisha kumtaja shangazi mzee kuwa ndiye mlozi.

Wapendwa, shangazi yule hakuua mtu. Tusikie namna kifo hiki kinavyokuja.

Ubongo ndio unaoamuru mwili. Sehemu yake ya chini, karibu na shingo, huamuru pumzi na moyo, hata tukiwa usingizini. Kifafa ni kama radi ndani ya ubongo. Mmeona hapa Lubumbashi: radi ikipiga, umeme hukatika, mtaa wote giza. Vivyo hivyo, kifafa kikubwa kikiisha kutikisa mwili wote, ubongo hunyamaza. Mara nyingi huamka wenyewe. Lakini mara chache ile sehemu ya chini nayo hunyamaza, na pumzi inakatika.

Mwaka 2013 mganga Philippe Ryvlin na wenzake walitoa habari za wagonjwa waliokufa hivyo hospitalini, wakiwa wamefungwa mashini za kupima ubongo na moyo. Kwanza walipumua mbio, kisha pumzi ikasimama, na moyo ukasimama baadaye. Wengi walikufa usiku, wakiwa kifudifudi.

Je, ni wengi? Waganga wa Marekani waliandika mwaka 2017 kwamba kwa mwaka hufa hivyo karibu mtu 1 katika watu wazima 1000 wenye kifafa. Na huko Kilifi, Kenya, uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wenye kifafa walikufa zaidi ya mara 6 kuliko watu wengine, kwa sababu mbalimbali. Wasiomeza dawa sawasawa walikuwa katika hatari zaidi. Kijana wetu pia alikuwa ameacha dawa, maana alijiona amepona.

Basi, fanyeni hivi:

1. Mgonjwa ameze dawa kila siku. Asiiache bila neno la mganga. Asinywe pombe, tena asikeshe.

2. Akianguka, msikimbie. Povu haliambukizi kifafa. Ondoeni moto na vitu vigumu karibu naye. Msitie kitu kinywani.

3. Kutikisika kukiisha, mlazeni ubavu, pua na kinywa viwe wazi. Kaeni naye mpaka aamke kabisa. Kukipita dakika 5 hakujaisha, mpelekeni hospitali upesi.

4. Usiku asilale chumbani peke yake.

Wengine husema kila kifafa ni pepo. Someni Matayo 4:24: wenye kifafa wanatajwa mbali na wenye pepo, na Bwana aliwaponya wote. Tena katika Marko 9, yule kijana alipolala kama maiti na watu wakasema amekufa, Yesu hakukimbia. Alimshika mkono.

Sisi nasi tumshike ndugu yetu, tumgeuze ubavu, tukae naye. Na shangazi mzee tumwombe msamaha.