Mwisho wa safari ya jahazi: Udugu wa mabaharia na siku ya hesabu

KWA karne nyingi, majahazi kutoka Ghuba ya Uajemi yalifika Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa upepo wa kaskazi, uvumao kati ya Desemba na Machi, na kurejea kwa kusi kuanzia Aprili. Kwa baharia, hata hivyo, safari haikumalizika nanga ilipotiwa, bali hesabu ilipofungwa.

Miongoni mwa walioshuhudia maisha hayo ni Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia. Desemba 1938 alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasr Nejdi. Jahazi hilo lilifika hadi delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko, likarejea Kuwait mwaka 1939. Habari zake alizichapisha mwaka 1940 katika kitabu Sons of Sindbad.

Chomboni, mabaharia walikula sinia moja, wakalala juu ya sitaha na kuvuta kamba kwa nyimbo. Umoja huo ulikuwa wa lazima: foromali nzito haipandishwi na mtu mmoja, na uzembe wa mmoja uliweza kuwaangamiza wote.

Aidha, udugu huo ulikuwa na msingi wa fedha. Baharia hakulipwa mshahara wa mwezi. Mapato, baada ya kuondolewa gharama za chakula, yaligawanywa nusu kwa mwenye chombo na nusu kwa mabaharia, kila mmoja akapata fungu lake. Hivyo kila boriti iliyopakiwa Rufiji ilikuwa na haki ya wote ndani yake.

Pamoja na hayo, siku ya hesabu ilikuwa na uchungu wake. Wengi walikwishakopa kabla ya kusafiri ili kuziachia familia zao matumizi, na fungu likaishia katika deni. Wapo waliopokewa kwa shangwe, kisha baada ya siku chache wakaondoka tena kwenda kuzamia lulu, ambako nako walidaiwa.

Mafuta yaligunduliwa Kuwait mwaka 1938 na kuanza kuuzwa nje mwaka 1946. Kazi za mshahara zikawavuta mabaharia nchi kavu, na safari za matanga zikafifia. Mshahara uliwapunguzia mzigo wa deni, lakini ulivunja utaratibu ambao waliogawana hatari baharini waligawana pia mapato bandarini.