Ubaridi Uanzie Chumbani, Si Sebuleni

Kuanzia Desemba hata Machi, wakati pepo za kaskazi zinapovuma, mji wa Dar es Salaam huwa na joto la kuchosha. Mchana kipimo hufika digrii 32, na usiku hakishuki sana chini ya digrii 25. Na kwa kuwa hewa ya pwani imejaa unyevu, jasho hutoka lisikauke. Mfanyakazi wa bandarini au wa kiwandani hurudi kwake amechoka, akalala akigeukageuka hata alfajiri, kisha akarejea kazini akiwa mchovu kuliko alivyotoka. Kwa hiyo hatuoni ajabu kwamba siku hizi wananchi wenye mishahara ya kawaida nao wanaulizia viyoyozi madukani, wala hatuungani na wale wasemao kwamba jambo hilo ni anasa tupu.

Ubaridi katika mji huu haukugawanywa kwa haki tangu mwanzo. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walijichukulia pwani ya kaskazini, penye upepo wa bahari, wakajijengea nyumba zenye baraza pana na madirisha makubwa. Waafrika wakawekwa Kariakoo na Ilala, katika viwanja vilivyobanana, nyumba ikikingia nyumba upepo. Mfanyakazi wa leo anunuapo mashine ya kupoza hewa kwa fedha ya jasho lake, anatafuta kitu ambacho babu yake alinyimwa.

Linalotusikitisha ni namna anavyokinunua. Mara nyingi huenda dukani akachagua mashine kubwa kuliko zote anazoweza kulipia, akaifunga sebuleni, mahali wageni watakapoiona. Mgeni hukaa saa moja, akasifu, akaenda zake. Usiku ukiingia mashine huzimwa kwa kuogopa LUKU, na mama na watoto wakaenda kulala katika vyumba vya nyuma vilivyo kama tanuri. Twauliza, ndugu zetu: mashine hii imenunuliwa kwa ajili ya nani?

Sisi twashauri kwamba kiyoyozi cha kwanza katika nyumba ya mfanyakazi kiwekwe katika chumba cha kulala, na kama fedha haitoshi kwa cha pili, basi kiwe hicho hicho kimoja. Chumba cha kulala ni kidogo, mlango wake hufungwa, jua halikipigi usiku, na watu waliomo ni wawili au watatu waliotulia. Sebule ni kinyume cha hayo yote. Mlango wake hauachi kufunguliwa, televisheni inawaka, pengine na jokofu limo humo humo, na jua la saa tisa linaingia kwa dirishani. Kuipoza sebule ya namna hiyo ni kama kuteka maji kwa pakacha.

Ukubwa wa mashine hizi hupimwa kwa kipimo kiandikwacho BTU, yaani kiasi cha joto ambacho mashine yaweza kuliondoa chumbani kwa saa moja. Madukani utakuta za 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Hesabu ya mafundi, ambayo si sheria lakini yafaa, ni kuchukua mita za mraba za chumba na kuzidisha kwa 600. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12, nacho chahitaji BTU 7,200. Mashine ya 9,000 yakitosha na kubakiza. Sebule ya mita 5 kwa 5 yahitaji 15,000. Ikiwa inapigwa na jua, ongeza sehemu moja katika kumi. Na kwa kila mtu anayezidi wawili wa kwanza, ongeza 600. Watu watano wakikaa humo, hesabu yafika 18,300, na hapo ndipo mashine ya 18,000 inapostahili. Mwuzaji akuambiapo uchukue ya 24,000 kwa chumba cha kulala ili kipoe upesi, anakutafutia hasara mara mbili: ya bei na ya umeme.

Na iko hasara ya tatu, ambayo kwa sisi watu wa pwani ndiyo kubwa. Mashine iliyozidi chumba hukipoza kwa dakika chache kisha hujizima, kabla haijapata nafasi ya kukausha hewa. Unyevu hubaki. Mtu akajikuta yumo katika baridi ya majimaji, shuka zimelowa ubichi, na ukutani kuvu inaota. Yafaa ikumbukwe kwamba mashine hii haikubuniwa ili kumstarehesha mtu. Mwaka 1902, mjini New York, katika sehemu ya Brooklyn, kiwanda kimoja cha uchapaji kilitaabishwa na unyevu wa kiangazi: karatasi zilitanuka na kunywea, rangi moja haikuangukia juu ya nyingine, kazi ikaharibika. Mhandisi kijana Willis Carrier akaunda mtambo wa kuipitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili unyevu upungue. Sisi wa magazeti, tuishio kwa karatasi, twaielewa shida ile vizuri. Basi kukausha hewa ndiyo kazi ya asili ya chombo hiki, na mashine ndogo iendayo polepole muda mrefu huifanya vizuri kuliko kubwa iwakayo na kuzimika. Ndiyo maana, ukiweza, chagua ile iitwayo inveta, ambayo mota yake hupunguza mwendo badala ya kukatika. Bei yake imezidi kidogo, lakini hula umeme pungufu kwa theluthi au zaidi.

Umeme huo tuutazame kwa makini, maana ndipo wengi huumia. Tangu mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuzalisha umeme, wako wasemao kwamba sasa umeme ni mwingi na mtu awashe apendavyo. Wingi wa umeme si bure ya umeme. Mashine ya kawaida ya 9,000 hula kadiri ya wati 800 mota yake inapofanya kazi. Ikiwashwa saa 8 kwa usiku, na mota ikafanya kazi saa 5 kati ya hizo, zimetumika uniti 4. Kwa mwezi uniti 120. Sasa, katika viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi 75, na kila iliyozidi hapo ikalipiwa 350. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 ililipa shilingi 6,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Iongezee kiyoyozi, zitakuwa uniti 180, na malipo yatakuwa shilingi 44,250. Msomaji na aulize viwango vya siku yake katika ofisi ya TANESCO, lakini afanye hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani, si baadaye. Feni ya wati 60, kwa saa hizo hizo, haifikishi uniti 15 kwa mwezi. Vikifanya kazi pamoja, kiyoyozi kikiwekwa digrii 26 au 27 na feni ikizunguka taratibu, mwili husikia ubaridi ule ule wa digrii 24 na umeme hupungua.

Lakini chumba chenyewe kiwe ni chumba. Nyumba zetu nyingi za Magomeni, Temeke na Ilala zimejengwa kwa mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma. Katika baadhi yake hakuna dari, na kuta za vyumba hazifiki kwenye bati. Humo kiyoyozi hakifai kitu. Kitapoza ukumbi, na cha jirani, na paa. Mwenye nyumba ya namna hiyo na aanze kwa dari, apake bati rangi nyeupe, atundike pazia nzito upande wa magharibi, na apande mti. Huenda akiisha kufanya hayo asihitaji mashine hata kidogo. Na ndugu zetu wa Mbeya na Njombe, ambao mwezi wa Juni huota moto, twawaomba radhi kwa kuwachosha na habari hizi.

Sebuleni, kwa walio wengi, feni na madirisha mawili yanayoelekeana yatosha. Jikoni kiyoyozi kisiwekwe kamwe, kwani mafuta ya kukaangia huziba machujio yake, na jiko la mkaa au la gesi lataka dirisha wazi. Hapa twasema kwa mkazo. Mashine hizi za sehemu mbili haziingizi hewa mpya. Huizungusha ile ile ya chumbani. Jiko la mkaa likiingizwa katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi, sumu yake isiyoonekana wala kunukia yaweza kuwaua wote waliomo wakiwa usingizini. Chumba cha mtoto mchanga au cha mzee kisipozwe kupita kiasi, na mdomo wa mashine usielekezwe kitandani. Chandarua kibaki mahali pake, maana baridi humpunguza mbu mwendo tu.

Yako pia masanduku yanayouzwa kwa bei rahisi, yatiwayo maji na kusemwa kuwa ni viyoyozi. Kule Dodoma, ambako hewa ni kavu, yaweza kusaidia. Pwani huongeza unyevu katika hewa iliyokwisha shiba unyevu.

Kuhusu mashine za mtumba, soma kibandiko chake kabla ya kutoa fedha. Kama kimeandikwa R-22, iache: gesi hiyo hutoboa tabaka la ozoni, inaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na kila mwaka itazidi kuwa adimu. Gesi R-410A haidhuru ozoni, lakini hupasha dunia joto mara 2,000 na zaidi kuliko hewa ya ukaa. R-32 hufanya hivyo mara 675. Gesi za namna hizo ndizo mataifa yalizokubaliana kuzipunguza, hapo kwa jirani zetu mjini Kigali, Oktoba 2016. Kwa hiyo mashine mpya ya R-32 ndiyo ya kutafutwa.

Fundi akija kufunga, avute waya wa peke yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme, pamoja na waya wa ardhini. Asichomeke mashine katika soketi ya redio. Sehemu ya nje isipulizie joto dirishani kwa jirani, na mpira wa maji usitiririkie ukutani kwake. Machujio yaoshwe kila baada ya majuma mawili, kazi ambayo mtoto wa shule aweza kuifanya. Na kwa wapangaji, ambao ndio wengi, kabla ukuta haujatobolewa waandikiane na mwenye nyumba: mashine ni mali ya nani, na siku mpangaji atakapohama nayo, ni nani atakayeziba tundu.